Majivu ya Mwanamwema

Barua ilikuwa na mistari sita tu, na Joëlla ndiye aliyeiandika, kwa hiyo hakuwa na haja ya kuisoma tena. Aliisoma tena. Ilisema kwamba matokeo aliyoyatangaza mwaka juzi kuhusu unga wa silikoni wa kutengenezea betri hayakuweza kurudiwa, kwamba huenda palikuwa na kosa katika upimaji, na kwamba mwandishi anayaondoa na kuomba radhi. Huenda palikuwa na kosa! Alipima mara nne mwenyewe, na Valéry huko Ulaya akapima mara tatu kwa mashine zake. Kosa halikuwepo. Lakini nenda ukawaambie wenye jarida.

Népomuscène, mkuu wa idara ya kemia, alikuwa upande wa pili wa meza akichezea kifuniko cha kalamu. Si mtu mbaya. Kwa miaka sita alimwachia Joëlla chumba cha mwisho wa korido pamoja na tanuri la umeme lililokuwemo, na mara mbili aligombana na wakubwa kwa ajili yake. Sasa alikuwa amechoka, na uchovu wake ulikuwa na haki.

"Madame Joëlla, we tia saini tu," alisema. "Hakuna mutu anasema ulidanganya."

"Wanasema, Profeseri. Wanasema na adabu, lakini wanasema."

"Bon. Tuseme unakataa. Watakuja kuuliza. Wakiuliza, utawaonyesha nini?"

Hapo ndipo alipokwama kila siku. Hakuwa na la kuwaonyesha. Unga wa kwanza, ule mzuri, ulikwisha wote kwenye majaribio, na kila unga aliotengeneza baada ya hapo ulikuwa takataka. Mtu aliyefanya jambo mara moja na akashindwa kulifanya tena, mbele ya watu wa sayansi, hana tofauti na mwongo. Joëlla aliwafundisha wanafunzi wake maneno hayo hayo, tena kwa ukali.

Tueleze kwanza jambo lenyewe, maana si kila mtu analala na kuamka na betri. Ndani ya betri ya simu, lithiamu husafiri kwenda na kurudi kati ya pande mbili. Kwenye upande hasi hupokelewa na grafiti, kitu kile kile kilichomo ndani ya penseli. Silikoni ingeweza kuipokea lithiamu nyingi zaidi, karibu mara kumi, ila ina tabia mbaya: ikishiba huvimba mara tatu na zaidi, ikiachia hunywea, na baada ya siku chache inakuwa imepasukapasuka, betri imekufa. Dawa inajulikana. Fanya punje ziwe ndogo mno, ndogo kiasi kwamba ukizipanga elfu moja kwa mstari unapata unene wa unywele mmoja. Punje za namna hiyo huvimba na kunywea bila kupasuka.

Na pumba za mpunga, zile tunazozitupa, zinayo malighafi yake tayari, mmea wenyewe umeipanga ndani kwa udogo huo huo. Unazichoma polepole, unachukua majivu, unayachanganya na magnesiamu, unayapasha moto kwenye tanuri, unayasafisha, unapata silikoni. Joëlla hakuvumbua njia hiyo, na wala hakuwahi kudai hivyo. Ugumu wote uko kwenye majivu. Moto ukizidi, au pumba zikiwa na potasi nyingi, majivu yanayeyuka kidogo na kushikana, punje zinakuwa kubwa, na kazi imeharibika kabla haijaanza. Yeye alikuwa anachomea pumba zake kwenye tanuri la chuo, na umeme ulikuwa unakatika katikati ya kazi, ukirudi unarudi kwa nguvu zake, na majivu yalitoka yamekufa.

Kwa Mwanamwema alifika kwa njaa tu, siku moja mchana. Bibi huyo alikuwa na uwanja wake Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, nyumba ya zamani ya mababu waliokuja na vitambaa na chumvi kutoka Omani, na kwa kuwa duka la ukoo lilifungwa zamani, alikuwa akipikia watu wali na mukeke, samaki wa ziwani, wa kukaanga. Hakununua makaa. Alitumia jiko la pumba: unashindilia pumba ndani ya pipa kuizunguka chupa, unaichomoa chupa, unawasha chini, na moto unapanda kidogo kidogo tangu asubuhi hadi alasiri bila kupiga kelele. Joëlla alikuwa anakula pale, akaangalia chini ya jiko, akaona majivu meupe, laini, mepesi kuliko yote aliyowahi kuyashika. Aliacha samaki kwenye sahani. Aliomba mfuko mmoja.

"Majivu?" Mwanamwema alimwuliza. "Binti yangu, kama una njaa nitakuongezea wali. Majivu haishibishi."

Mfuko ule mmoja ndio uliofanya kila kitu. Betri ndogo alizotengeneza, duara kama vifungo vya koti, zilichajiwa na kumalizwa mara mia tatu na bado zilikuwa na zaidi ya sehemu nane kati ya kumi za nguvu zake. Alimpelekea unga Valéry, rafiki yake wa darasani aliyekuwa amepata kazi kwenye maabara kubwa Ulaya, naye akapata vile vile. Waliandika makala pamoja. Walipima pia pumba za Mwanamwema, wakakuta karibu hazina potasi kabisa, na Joëlla akaandika kwa kujiamini kwamba sababu ni udongo wa bonde la Imbo. Sentensi hiyo aliipenda. Aliiona inapendeza kwa nchi.

Siku makala ilipotoka, alinunua keki kubwa na kreti ya Fanta akaenda Buyenzi. Alimkalisha Mwanamwema kwenye kiti, akamweleza kwamba majivu yake yamefika Ulaya na wenye elimu wanayashangaa. Bibi alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Majivu imefika Ulaya, na mi sijafika hata Uvira hapa jirani miaka kumi," alisema. "Wale wazungu, wanaishika na mukono?"

"Wanavaa gants mikononi, Bibi."

"Lakini wanaifungua. Wanainusa."

"Pengine."

"Haya," alisema Mwanamwema, akageuka kuliangalia jiko lake. Joëlla alidhani bibi amechoka na furaha. Alimkatia kipande kingine cha keki.

Tangu siku ile, hakupata tena unga mzuri. Mfuko wa pili ulitoa betri zilizokufa baada ya kuchajiwa mara arobaini. Wa tatu, thelathini. Alishuku kinu, akazunguka vinu vyote vya Cibitoke akiuliza mpunga unatoka wapi. Alishuku mafuriko, akaenda hadi Gatumba kuchota tope. Aliingiza kipimajoto ndani ya jiko la Mwanamwema na kukaa karibu nalo kutwa nzima, akakuta moto ni ule ule. Alipopima upya, vipimo vilimwonyesha kwamba sasa potasi imejaa kwenye pumba, na hakuelewa imetoka wapi, kwa kuwa bonde ni lile lile na udongo ni ule ule. Kila mwezi alimwuliza bibi.

"Kuna kitu mumebadilisha, Bibi?"

"Apana, binti. Ni vile vile. Hata ni muzuri zaidi."

Joëlla aliyapokea maneno hayo kama adabu ya mwenye nyumba kwa mgeni. Angemshika mkono, angemwuliza "muzuri zaidi namna gani", mambo yangekuwa mengine. Hakuuliza.

Maabara nyingine mbili ziliandika kwamba zimejaribu na kushindwa. Barua zao zilikuwa za upole, na upole wao ulimwumiza kuliko matusi. Valéry alitetea mwaka mzima, akapoteza nafasi yake kwenye kikundi kwa ajili hiyo, akabakishwa maabara kwa shida, na mwishowe akapiga simu.

"Niandikie juu ya mama yako," alimwambia. "Niandikie juu ya mvua, juu ya watoto. Juu ya silikoni, usiniandikie tena. Nakuomba."

Hakukasirika, Joëlla. Alimwelewa, na kumwelewa kulimfanya ajione mdogo zaidi.

Basi alitia saini. Népomuscène aliichukua barua kwa mikono miwili, akasema asante, akasema pole, akasema pia, kwa aibu, kwamba ufunguo wa chumba uachwe kwa katibu kwa sababu tanuri limeshapewa wale wanaopima saruji. Magnesiamu ilikuwa imekwisha tangu Mei. Ile chupa moja ilichukua miaka miwili ya kuandika maombi, na nyingine haikuwa imeagizwa. Joëlla alitoka na boksi la daftari zake, akalifunga nyuma ya pikipiki ya teksi, akamwambia dereva Buyenzi. Alikuwa amevaa kitenge na kilemba kizuri tangu asubuhi. Siku ile ilikuwa hitima ya Mwanamwema.

Bibi alikuwa amekufa siku tatu kabla, usingizini, bila kumsumbua mtu. Lamya, binti yake, ndiye aliyempigia Joëlla simu. Joëlla alilia kwa huzuni ya kweli, na chini ya huzuni ile, aone haya au asione, palikuwa na nafuu. Kwa miezi mingi alikuwa akitafuta namna ya kumwambia mzee yule kwamba majivu yake yameshindwa. Sasa hapakuwa na haja. Mwanamwema alikwenda akiwa anajua kazi yake inaheshimiwa Ulaya.

Uwanja ulikuwa umetandikwa mikeka. Wanawake walikuwa wamemaliza kusoma, pilau limeshaliwa, na sufuria zile kubwa za shughuli zilikuwa zimeoshwa na kufunikwa kwenye meza ya mbao zikauke. Ziling'aa kiasi cha kuumiza macho kwenye jua la saa tisa. Joëlla alizungukia wazee akiwapa pole, akabusu mashavu, akaketi mwisho wa mkeka akiwa na boksi lake pembeni. Hakuna aliyemwuliza lina nini.

Lamya alikuja kumchukua. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mnene, mpole, mikono imepasuka kwa kuosha samaki tangu utotoni. Alimpitisha nyuma, jikoni, penye jiko la pumba lililokuwa limezima, akamwonyesha gunia lililoegemezwa ukutani.

"Hii ni yako, Madame. Mama aliacha, alisema musiguse, ni ya Joëlla." Alilifungua mdomo kwa fahari. "Angalia vile iko safi."

Pumba zilikuwa za rangi ya dhahabu, hazina hata chembe ya vumbi. Joëlla aliingiza mkono.

"Mumezisafisha?"

"Mara tatu, na maji ya robinet, ya bomba. Tunaanika juu ya bâche ya plastiki, tunachagua mawe. Ya wateja tunachoma tu vile iko. Lakini ya kwako, mama alisema, ioshwe, na jiko ikwanguliwe mbele ya kuichoma."

"Tangu lini, Lamya?"

"Tangu siku ile ulileta keki. Mama alisikia haya sana, Madame. Hakulala." Lamya aliweka kiganja mdomoni akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka kukiri jambo dogo. "Sasa amekufa, nitakwambia, usikasirike. Zamani ile pumba ilikuwa chafu. Tulikuwa tunamwaga juu yake maji ya samaki."

"Maji ya samaki."

"Si tunaosha mukeke na ndimu, itoke harufu? Ile maji, beseni nzima kila siku, tunaimwaga juu ya pumba, vumbi isirukie wateja. Na maganda ya ndimu tunatupa pale pale. Chumvi apana, chumvi tunatia wakati wa kukaanga. Inakaa pale wiki mbili, tatu, inakauka, ndiyo tunachoma. Mama akasema, haiwezekani mutu wa université abebe kitu ya kunuka samaki mupaka Ulaya, wazungu wafungue wanuse, waseme watu wa Bujumbura ni wachafu. Akanikataza. Akasema we usijue kabisa."

Joëlla hakutoa mkono kwenye gunia. Ndimu ni asidi. Asidi ndiyo inayoitoa potasi kwenye pumba. Maji matupu huondoa vumbi, potasi nyingi inabaki ndani. Alilijua hilo. Lilikuwa kwenye makala ishirini alizozisoma, watu wanaloweka pumba kwenye asidi kabla ya kuchoma, na yeye aliiruka hatua hiyo kwa sababu pumba za Mwanamwema hazikuwa na potasi, na hazikuwa na potasi kwa sababu ya udongo wa Imbo. Hata potasi ilipojaa hakuigusa kwa asidi, kwa kuwa alichotakiwa kukirudia ni kile kile alichokiandika, pumba zisizotiwa kitu. Udongo! Aliuandika udongo kwenye makala na jina lake juu, na muda wote ilikuwa beseni la Lamya. Tena si mwingine aliyeliondoa beseni lile. Alikwenda mwenyewe, na keki, na Fanta, akawaambia kwamba majivu yao ni ya thamani. Watu wenye heshima zao, walipoambiwa hivyo, wakafanya ambalo mtu mwenye heshima hufanya.

Alijilazimisha kuuliza.

"Ile ya zamani. Ile chafu. Hakuna hata kidogo imebaki? Majivu yake?"

"Ilibaki debe moja," Lamya alisema. "Mama alikuwa anaiweka kwa kusugulia vyombo, hakuna sabuni inaishinda. Jana tumesugulia sufuria zote za hitima, na wamama wa jirani wamechukua kidogo kidogo. Imekwisha." Aliangalia nje, kwenye meza. "Si uliziona vile zinang'aa?"

"Niliziona," alisema Joëlla.

Lamya aliitwa mbele kuaga wageni. Joëlla alibaki peke yake na jiko. Utasema, basi si amejua, arudie. Arudie wapi? Tanuri lilikuwa limeshahamia kwa watu wa saruji. Unga wa magnesiamu ulikwisha, na mtungi wa gesi na mashine ya kupimia vilikuwa nyuma ya mlango ambao ufunguo wake aliuacha kwa katibu saa mbili zilizopita. Ndimu alikuwa nazo, ndimu zimejaa sokoni. Palihitajika mtu mmoja tu wa kumwamini, mwenye maabara, na mtu wa namna hiyo duniani alikuwa mmoja.

Alitoa simu. Aliandika: Valéry, nimejua. Si udongo. Walikuwa wanamwaga maji ya kuoshea samaki, yenye ndimu, juu ya pumba, halafu wakaacha kwa sababu ya haya. Alilitazama neno samaki. Alijaribu kulisoma kwa macho ya mtu aliyeko ofisini, mbali, ambaye siku ile ile amepokea nakala ya barua yenye saini ya Joëlla ikisema huenda palikuwa na kosa katika upimaji. Jana ilikuwa udongo, leo ni kosa, na jioni haijafika ni maji ya samaki. Hata yeye, kama angekuwa mkaguzi, asingefika mwisho wa sentensi. Aliituma hivyo hivyo, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Jibu lilirudi upesi. Joëlla, tafadhali, pumzika.

Hili alilisoma mara moja tu. Hakukasirika safari hii pia. Kilichomjia kilikuwa baridi, na kilikaa. Alielewa kwamba jambo hilo limekwisha, kwamba atakufa akilijua peke yake, na kwamba miaka mingi ijayo mtu mwingine mahali pengine atalipata na kulitangaza, na ikiwa jina la Joëlla litatajwa litakuwa ni katika orodha ya waliokosea.

Alifunga mdomo wa gunia. Alipotoka nalo, wazee waliobaki, watano au sita, walikuwa wamekaa kivulini wakinywa kahawa, na Lamya alikuwa katikati yao. Macho yalikuwa mekundu, lakini uso wake ulichangamka alipoona gunia kichwani pa mgeni.

"Wamama, huyu ndiye mutu wa université niliwaambia," alisema. Kisha akamgeukia, sauti imeshuka. "Madame, sikukuuliza. Ile majivu ya mama. Bado inafanya kazi kule?"

Joëlla aliwatazama. Ufunguo aliurudisha, barua aliitia saini, na asubuhi nzima alikuwa ameambiwa kwa upole kwamba maneno yake hayashikiki. Hakuwahi kuandika namba ya uongo katika daftari yoyote kati ya zile zilizokuwa ndani ya boksi.

"Bado inafanya kazi," alisema. "Tangu mumeanza kuiosha, imekuwa nzuri zaidi."

Hakuna aliyemwomba ushahidi. Mashallah, walisema, na mzee mmoja akainua viganja akamwombea Mwanamwema pepo, na Lamya akalia tena, kilio chepesi, cha mtu aliyetuliwa mzigo. Joëlla alisimama pale na gunia lake safi kichwani akingoja dua imalizike, kisha akaomba msaada wa kubebewa boksi hadi barabarani.